Mafundisho ya Kisiwa cha Mombasa

Katika vitabu vya historia visomwavyo shuleni, visiwa vya Bahari ya Mediteranea vina sifa kubwa. Sisilia, Malta, Krete na Saiprasi hutajwa kwa magofu yake, milima yake, mizeituni yake na vyakula vyake, na watu wenye uwezo husafiri kutoka pande zote za dunia kwenda kuviona. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini mwanafunzi akaaye Nairobi, awe wa katikati ya jiji au wa vitongoji vya magharibi kama Westlands, Kangemi, Kawangware na Dagoretti, anacho kisiwa kilicho karibu naye zaidi, ambacho historia yake si haba. Kisiwa hicho ni Mombasa, ambacho wenyeji wake hukiita pia Mvita. Insha hii yakusudia kuonyesha jinsi kisiwa hicho kiwezavyo kuzuriwa kwa faida, na kujibu swali moja ambalo huulizwa mara nyingi: je, mambo ya pwani yetu ni yetu, au ni ya wageni waliokuja na majahazi?

Yafaa kwanza tutambue kwamba Nairobi na Mombasa ni ndugu wa damu. Kabla Nairobi haijawa mji, misafara ya wapagazi ilikuwa ikiondoka pwani, ikipita nyika kavu ya Taru na nchi ya Ukamba, na kufika ukingoni mwa nchi ya Wakikuyu, pande za Ngong na Dagoretti. Hapo wapagazi walipumzika na kununua chakula kabla ya kuendelea na safari ya Uganda. Mwezi wa Oktoba 1890, Frederick Lugard, mtumishi wa kampuni ya Kiingereza iliyokuwa na makao yake Mombasa, alijenga kituo Dagoretti baada ya kula kiapo cha urafiki na Waiyaki wa Hinga. Urafiki ule haukudumu. Mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa, akapelekwa njia ya pwani, akafia njiani Kibwezi. Kila siku maelfu ya watu hupita katika barabara ya Waiyaki Way, tokea Westlands hata Kangemi na kwendelea, na si wengi wakumbukao kwamba mtu yule alikufa akielekezwa upande wa bahari.

Baada ya misafara ilikuja reli. Chuma cha kwanza kilitandikwa Mombasa mwaka 1896, na tarehe 30 Mei 1899 reli ikafika mahali penye maji baridi na kinamasi ambapo sasa ni katikati ya jiji la Nairobi. Zaidi ya wafanyakazi 31,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa kazi hiyo, na karibu 2,500 kati yao walifariki. Makao ya serikali yalibaki Mombasa hata mwaka 1905, ndipo yakahamishiwa Nairobi. Basi mwanafunzi aendaye Mombasa kwa treni, ambayo tangu mwaka 2017 hupita juu ya reli mpya, arudi nyuma katika njia ile ile iliyouzaa mji wake.

Sasa tukitazame kisiwa chenyewe. Ni ajabu kwamba mojawapo ya habari za kale zilizoandikwa juu ya Mombasa ilitungwa katika kisiwa cha Mediteranea. Mwaka 1154 mtaalamu wa jiografia aitwaye Al-Idrisi, Mwislamu aliyeishi Palermo katika kisiwa cha Sisilia, alimaliza kitabu kikubwa pamoja na ramani ya dunia kwa amri ya Roger wa Pili, mfalme Mkristo wa kisiwa hicho. Al-Idrisi hakupata kufika kwetu. Alikusanya maneno ya wasafiri na vitabu vya waliomtangulia. Hata hivyo aliitaja Malindi, akaitaja na Mombasa, akasema kuwa ni mji mdogo ambao watu wake huchimba chuma na kuwinda wanyama wakali. Habari za kisiwa kimoja zilikuwa zimevuka bahari mbili na jangwa zikafika katika kisiwa kingine. Hapa pana fundisho la kwanza. Twadhani kisiwa ni mahali palipotengwa na ulimwengu; lakini kwa watu wenye vyombo vya baharini, maji hayakuwa ukuta. Yalikuwa barabara.

Miaka 177 baadaye alifika mtu aliyeiona Mombasa kwa macho yake. Ibn Battuta, mzaliwa wa Tanja, mji uliopo kwenye mlango wa Mediteranea, alilala usiku mmoja katika kisiwa hiki mwaka 1331 akielekea Kilwa. Maelezo yake ni mafupi, lakini yana mambo mengi. Asema watu wa Mombasa ni wacha Mungu na wenye mwenendo mwema. Asema misikiti yao ni ya mbao, iliyojengwa kwa uimara mkubwa, na kwamba penye milango yake kuna visima ambavyo kina chake ni dhiraa moja au mbili. Asema hawalimi nafaka, huletewa kutoka bara, na chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. Asema wana miti ya ndizi na malimau, na tunda jingine liitwalo jamun, lililofanana na zeituni kwa umbo na kokwa yake, ila ni tamu sana. Wataalamu wengi hulitambua tunda hilo kuwa ni zambarau, ambalo hata sasa watoto wa Mombasa hulila hadi ndimi zao zikawa rangi ya zambarau. Msafiri yule wa Mediteranea hakuwa na mfano mwingine wa kuwapa wasomaji wake isipokuwa zeituni la kwao.

Maneno hayo machache yatosha kuwa mwongozo wa mtu aendaye Mombasa leo. Na aanze na visima. Kwa nini maji yalipatikana kwa kina cha dhiraa mbili tu, katika kisiwa kilichozungukwa na maji ya chumvi? Jibu limo katika mwamba. Kisiwa cha Mombasa ni mwamba wa matumbawe ya zamani, yaliyojengwa na viumbe wa baharini wakati bahari ilipokuwa juu kuliko sasa. Mwamba huo una vitundu vingi. Mvua inyeshapo, maji hupenya chini, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, huelea juu yake. Mchota maji akichota kwa kiasi hupata maji ya kunywa. Akichota bila kiasi, chumvi hupanda. Mji ulipokua, visima havikutosha tena, na katika miaka ya 1950 bomba likajengwa kuleta maji kutoka chemchemi za Mzima, katika nchi ya Tsavo. Kisiwa kilicholetewa nafaka na bara zamani, sasa huletewa na maji.

Mwamba huo huo ulikuwa jiwe la kujengea. Matumbawe yalikatwa na kuchongwa. Mengine yalichomwa yakawa chokaa. Dari zilishikwa na boriti za mikoko, miti iotayo katika matope ya maji ya chumvi, kama ile ionekanayo hata leo kando ya hori la Tudor. Kwa kuwa boriti ya mkoko si ndefu, vyumba vya nyumba za kale ni virefu lakini vyembamba, na upana wake ni kiasi cha urefu wa mti uliokatwa. Hivyo mtu aingiapo katika nyumba ya kale huweza kuupima mti wa mkoko kwa hatua zake mwenyewe. Mikoko ina kazi nyingine pia: mizizi yake huzuia ardhi isiliwe na mawimbi, na samaki wengi huanza maisha yao kati ya mizizi hiyo. Akataye mikoko bila kupanda mingine huondoa boriti, pwani na kitoweo kwa pamoja.

Upande wa Mbaraki na kando ya mlango wa Kilindini husimama mibuyu mikubwa. Mbuyu ni mti wa Afrika yenyewe. Wengi wa miti mingine tuionayo pwani ni mizawa wa wageni: mnazi na mgomba asili yake ni Asia ya kusini-mashariki, mwembe na mzambarau ni wa Bara Hindi, mkorosho na mpapai ni wa Amerika. Lakini ni nani leo aonaye mnazi na kuuita mgeni? Pwani bila minazi haiwezi hata kufikiriwa.

Hapo ndipo tufikapo kwenye swali letu. Zamani waandishi kadhaa kutoka Ulaya, walipoyaona magofu ya mawe tangu Lamu hata Kilwa, waliandika kwamba miji ile ilijengwa na Waarabu na Waajemi, na kwamba Waafrika walikuwa watumishi tu. Uchimbuzi wa mambo ya kale umeonyesha vingine. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbuzi walikuta chini ya msikiti wa mawe mabaki ya misikiti iliyotangulia, mmoja juu ya mwingine, na ya chini kabisa, ya karne ya 8, ilikuwa ya miti na udongo. Yaani mji haukushushwa ukiwa mzima kutoka jahazini. Ulikua mahali pake, kutoka mti hata jiwe, kwa mikono ya watu wake. Misikiti ya mbao aliyoiona Ibn Battuta Mombasa yaafikiana na habari hiyo. Na mnamo mwaka 2023 wataalamu waliochunguza mifupa ya watu wa pwani wa zama za kati walieleza kwamba wengi wao walikuwa na mama wa Kiafrika na baba wa kutoka Asia, hasa Uajemi. Wageni walikuja, wakaoa, na wajukuu wao wakasema lugha ya mama zao. Lugha hiyo ni Kiswahili, na muundo wake ni wa Kibantu.

Si wageni wote waliokuja kuoa na kukaa. Mwezi wa Aprili 1498 Vasco da Gama alitia nanga mbele ya Mombasa. Mfalme alimpelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Lakini pande zote mbili zilitiliana shaka, na Wareno wakaenda zao Malindi. Mwaka 1505 Francisco de Almeida alikuja na jeshi la merikebu, akauteka mji, akaupora na kuuteketeza kwa moto. Uliteketezwa tena baadaye, na kila mara wenyeji waliujenga upya. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga ngome kubwa iitwayo Fort Jesus, kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, mjenzi wa Kiitaliano. Ngome hiyo yasimama hata sasa juu ya mwamba wa matumbawe, kuta zake zikiitazama bahari ya wazi.

Mwanafunzi aingiapo humo asitosheke kushangaa unene wa kuta. Juu ya mlango kuna maandishi ya Kireno yamsifuyo kamanda mmoja kwa kuwatiisha wafalme wa pwani na kuwatoza kodi. Maandishi hayo hayasemi jinsi mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, aliyelelewa na Wareno huko Goa na kubatizwa, alivyoasi, akamwua kamanda wa ngome na kuitwaa. Jiwe husema neno la aliyelichonga. Mwanahistoria mwema husoma jiwe, kisha huuliza ni nani hakupewa nafasi ya kuchonga lake. Hatimaye Waarabu wa Omani waliizingira ngome tangu mwaka 1696 hadi Desemba 1698, muda wa miezi 33, na njaa na maradhi yakawaua walinzi wengi kuliko silaha. Baada yao walitawala Wamazrui, kisha tangu mwaka 1837 Sultani wa Zanzibari, kisha Waingereza, ambao waliifanya ngome kuwa jela hadi mwaka 1958. Baadaye ikafunguliwa kuwa makumbusho, na mwaka 2011 ikaandikwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Tena tusiifanye historia ya kisiwa kuwa hadithi ya biashara njema na karamu tu. Bahari iliyoleta miche na viungo ilichukua pia watu waliotiwa utumwani. Ng'ambo ya Mji wa Kale, upande wa Kisauni, mwaka 1875 kilianzishwa kijiji cha Freretown kwa ajili ya watumwa waliokombolewa baharini. Kengele yake yatunzwa hata sasa, na mahali pale paitwa Kengeleni. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika pwani ya Kenya ila mwaka 1907. Azuruye ngome na asizuru Kengeleni amesoma nusu ya ukurasa.

Sasa tuje kwenye chakula, ambacho wengi hukidhania kuwa ni starehe isiyo na elimu. Mgeni akiketi kwenye mkeka katika nyumba ya Mji wa Kale, huenda akaandaliwa wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchuzi wa ukwaju na pilipili. Asubuhi huenda akapewa mahamri kwa mbaazi za nazi; jioni, kando ya bahari, atauziwa mhogo wa kukaanga uliotiwa chumvi, ndimu na pilipili, na kahawa chungu katika kikombe kidogo. Na atazame sinia lile kama atazamavyo ramani. Mchele, nazi na ndimu vilitoka Asia. Bizari na iliki zilitoka Bara Hindi. Mhogo, pilipili na nyanya vilitoka Amerika, na haviwezi kuwa vilifika kwetu kabla ya merikebu za Ulaya kuvuka bahari ile mwishoni mwa karne ya 15. Ndiyo sababu Ibn Battuta hakuvitaja. Ukwaju ni wa Afrika. Kahawa asili yake ni Uhabeshi. Ilivuka kwenda Yemeni, ikajifunza kupikwa, ikarudi pwani ikiwa kinywaji. Na samaki ni wa bahari ile ile iliyo mbele ya mlango.

Ajabu ni kwamba sinia hilo lenye vitu vya mabara matatu halipatikani hivyo Asia, wala Amerika, wala Arabuni. Aliyeviweka vitu hivyo katika chungu kimoja, akapima nazi ya kwanza na nazi ya pili, akajua wakati wa kutia ukwaju, ni mwanamke wa Mvita. Lugha imefanya kazi ile ile. Meza, bendera na leso ni maneno yaliyotoka Kireno, na gereza nalo hutokana na neno lao la kanisa. Lakini nani atakayesema kwamba leso iliyoandikwa methali ya Kiswahili, iuzwayo Mombasa na katika maduka ya Biashara Street mjini Nairobi, ni vazi la Kireno?

Na kama bado kuna mwanafunzi wa Nairobi adhaniaye kwamba mchanganyiko huo ni wa watu wa pwani peke yao, na atazame sahani yake mwenyewe. Ugali wa mahindi ni wa nafaka ya Amerika. Sukuma wiki ni ya jamii ya kabichi, ambayo mimea yake ya kwanza ilikuzwa katika nchi za Mediteranea. Kwa hiyo mtoto wa Kawangware alapo ugali na sukuma wiki jioni, ala Amerika na Mediteranea pamoja. Naye hasemi kwamba ala chakula cha kigeni, wala hana haja ya kusema hivyo. Babu zake walipokea mbegu, wakazipanda katika udongo wao, wakazipika kwa namna yao, zikawa zao. Hata kahawa ya mwanzo ya Nairobi ilipandwa na mapadri wa misheni ya St. Austin's, katika sehemu iitwayo sasa Lavington, kwa mikono ya wenyeji walioifanya kuwa mali ya nchi nzima.

Hilo ndilo jibu la swali letu. Chombo kuwa na sehemu zilizotoka mbali hakumnyang'anyi fundi kazi yake. Watu wa pwani walipokea mengi, wakakataa mengi, wakaumizwa na mengine. Na katika hayo yote walijenga miji, lugha na desturi ambazo haziko kwingine duniani. Asemaye kwamba mambo hayo ni ya wageni amehesabu vitu vilivyoingia bandarini, asimhesabu aliyevipokea.

Basi ninyi vijana mpatao nafasi ya kwenda Mombasa, nendeni na daftari na adabu. Mji wa Kale ni makao ya watu, si onyesho. Salimuni wazee kwanza, ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha, na vaeni mavazi ya heshima mpitapo penye misikiti. Msivunje matumbawe wala kuokota makombe ya hai. Pimeni vyumba kwa hatua, ulizeni majina ya miti, onjeni chakula na kuuliza kilivyopikwa. Mzee awaambiaye jinsi boriti zilivyopakiwa majahazini, na bibi awafunzaye kukuna nazi, ni vitabu ambavyo havitachapwa mara ya pili. Nyumba nyingi za kale zimekwisha kubomolewa, na kila moja iangukayo huondoka na vipimo vyake. Kilichosalia bado chasomeka, kwa yule aendaye kukisoma mapema.